Subaru STI ya 2012 inauzwa Kisumu kwa milioni 2.35: nikague nini, na nianzie bei gani?

section58_nkr

Habari zenu wadau. Naomba msaada wa watu wanaozijua gari hizi kwa undani. Nimeona tangazo la Subaru Impreza WRX STI ya hachibeki, mwaka 2012, msimbo wa modeli GRB, injini ya lita 2, gia sita za mkono. Gari liko Kisumu, mimi niko Nakuru. Namba ni KCU, mita inasoma kilomita 128,000, mwenyewe anaitisha 2,350,000 na anasema bei inaongeleka. Lina ekzosi kubwa, kichujio cha hewa cha wazi, na ile valvu inayopiga mluzi ukiachilia mafuta. Risiti alizonitumia ni mbili tu, zote za kubadilisha oili.

Kabla sijafunga safari, nimuulize nini kwa simu? Nikifika nianzie wapi, ili fundi nitakayemlipa asimalize siku kwa vitu visivyo na maana? Na bei niishushe kwa hoja zipi? Mfuko wangu haupiti 2,150,000 kwa gari lenyewe, na nataka kitu kibaki cha matengenezo.

---

boksa_ej

Kwanza hakikisha ni STI kweli. Kuna S-GT (Impreza ya tabo ya daraja la chini ya STI) nyingi zilizovalishwa bampa, spoila na nembo za STI, na tofauti ya thamani kati ya gari hizo mbili ni laki kadhaa. Mwambie akutumie picha ya kibati cha modeli kilicho ndani ya chumba cha injini na ya namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma. STI ya hachibeki huanza na GRB. S-GT ya umbo hilohilo huanza na GH8. Ukiona GRF, hiyo ni A-Line: otomatiki, lita 2.5, gari jingine kabisa. Ndani, giaboksi ya gia sita ina pete chini ya kirungu ambayo lazima uiinue ndipo rivasi iingie, na kuna swichi ya difu ya kati, DCCD, kwenye konsoli. Kalipa za Brembo usizihesabu kama ushahidi, maana hununuliwa na kufungwa.

Sikiliza mlio pia. EJ207, yaani injini ya GRB, ina tabo ya skroli mbili na mabomba ya ekzosi yaliyotoshana urefu, kwa hiyo haidundi kama Subaru za zamani. Ikiwa hili linadunda, kuna mtu ameondoa manifoldi ya asili, pengine na tabo. Muulize vipuri hivyo viko wapi na kompyuta ya injini ilirekebishwa na nani baada ya hapo. Jibu la "fundi fulani tu" halitoshi.

Sasa kichujio na valvu, kwa sababu hapo ndipo injini hizi zinapofia. Kompyuta hupima hewa kwa kihisi kilicho kwenye bomba, mara tu baada ya kichujio. Valvu ya asili ukiachilia mafuta huurudisha upepo ndani ya bomba. Ile ya mluzi huutupa nje, wakati kompyuta imeshauhesabu na kuutilia petroli, hivyo kila ukibadilisha gia unachoma petroli nyingi kupita kiasi. Hilo ni la kero zaidi kuliko la hatari. Kichujio cha wazi ndicho cha kuogopa. Kinabadilisha namna hewa inavyopita mbele ya kihisi, na kompyuta ikisoma hewa ndogo kuliko iliyopo, petroli inapungua wakati tabo imejaza. Mchanganyiko mkavu unalipuka kabla ya wakati wake. Ongeza kwamba injini hii ilipangwa kwa petroli ya Japani ya oktani karibu 100, na super ya kawaida hapa kwetu haifiki huko. Matokeo ni pistoni kuvunjika kwenye vijikuta vinavyoshika ringi. Silinda ya 4, ile ya nyuma upande wa kushoto, ndiyo hutangulia mara nyingi kwenye EJ. Gari litaendelea kutembea, litaanza kula oili na kutoa moshi wa buluu, na muuzaji atakwambia "ni sili za vali tu".

Mpangilio wa ukaguzi ninaoushauri:

Mwambie asiliwashe kabla hujafika. Weka mkono juu ya boneti; likiwa moto, omba mpange asubuhi nyingine. Kabla ya kuwasha, chomoa kijiti cha oili. Oili ikiwa chini ya alama ya chini kwenye gari linalouzwa, mwenyewe ameshakujibu maswali mengi. EJ ikikosa oili huanza kula bering za konrodi, na ukishasikia mlio huo umechelewa.

Geuza ufunguo bila kuwasha injini. Taa ya injini, ya ABS na ya airbagi lazima zote ziwake, kisha zizime baada ya injini kuwaka. Taa isiyowaka kabisa imechomolewa au imezibwa. Kwenye Subaru hizi, kosa la injini huwasha na taa nyingine pamoja, na ile ya kruzi humetameta.

Washa. Mlio wa tik-tik wa pistoni wakati injini ni baridi, unaopotea ikipata joto, ni wa kawaida kwa EJ. Mlio mzito unaozidi kadiri injini inavyopata moto, hasa ukipandisha hadi mizunguko 2,500 kisha ukaachilia taratibu, ni konrodi. Hapo hakuna kujadiliana bei. Rudi nyumbani.

Baada ya hapo ndipo kipimo cha kompresheni kwenye silinda zote nne, injini ikiwa moto, kanyagio la mafuta limekanyagwa hadi chini, betri imejaa. Injini hii ni boksa, silinda zake zimelala ubavu, kwa hiyo plagi ziko pembeni, karibu na kuta za chumba cha injini. Fundi atatoa betri na chupa ya maji ya kioo ili azifikie. Mpe muda wa kutosha asiharakishe. Usikubali chini ya psi 140, na tofauti kati ya silinda isizidi 10. Fundi akiwa na kifaa cha kupimia uvujaji wa silinda, afadhali zaidi: asilimia 10 kushuka chini ni salama, 20 kwenda juu ni injini ya kufunguliwa. Asikilize upepo unatokea wapi. Ukitokea kwenye kifuniko cha oili ni ringi au pistoni. Kwenye ekzosi ni vali. Ukitoa mapovu kwenye redieta ni gasketi ya silinda hedi.

---

riat_mlimani

Orodha ya @boksa_ej naiunga mkono, ila hapo kwenye psi 140 nirekebishe, kwa sababu mtu anaweza kukataa gari zima bila sababu. Kiwango cha Subaru kwa injini hizi za tabo ni psi 142 hadi 171, lakini hicho ni cha usawa wa bahari. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu, na shinikizo la hewa huku ni kama asilimia 87 ya la Mombasa. Injini nzima kabisa itasoma 124 hadi 149 hapa. Ukiipeleka Nakuru, mita 1,850 hivi, zidisha kwa 0.8: 114 hadi 137. Fundi wa Nakuru akikwambia "120, hii imechoka", muulize zile silinda nyingine tatu zinasoma ngapi. Kinachohukumu ni ulinganifu. Silinda tatu za 130 na moja ya 105 ni gari la kuacha. Nne za 122 ni injini nzuri.

Kwa safari ya majaribio, usizunguke mjini tu pale Milimani. Toka Mamboleo upande barabara ya Kakamega, mlima wa Riat hadi Kiboswa. Ni mlima wa kutosha kuipa tabo kazi, na joto la Kisumu saa saba mchana linaufanya mfumo wa maji ujieleze. Panda kwa gia ya nne kutoka mizunguko 2,500, kanyaga hadi chini mahali barabara imenyooka na hakuna watu. Mizunguko ikipanda ghafla bila mwendo kuongezeka, klachi inateleza. Gari likisita au kukata kidogo tabo inapojaza, simama, usikanyage tena, maana huko kusita kunaweza kuwa ndiko kule kulipuka mapema. Mtu wa pili awe kwenye kiti cha nyuma akitazama ekzosi kupitia kioo: moshi wa buluu wakati tabo inajaza ni ringi au tabo, moshi wa buluu unaotoka ukianza kuondoka baada ya kusimama muda mrefu ni sili za vali au tabo inayovuja oili.

Ukishuka, acha injini inguruma yenyewe dakika mbili, zima, fungua boneti. Angalia chupa ya akiba ya maji. Ikiwa imejaa hadi juu na maji hayarudi injini inapopoa, kuna gesi ya silinda inayoyasukuma, au kifuniko kimechoka. Kifuniko ni cha bei ndogo, gasketi ni kushusha injini, kwa hiyo lipa kipimo cha dawa ya buluu: wanaiweka juu ya mdomo wa redieta, na ikigeuka njano, gesi imeingia kwenye maji.

Kisha tafuta uwanja mtupu, zungusha usukani hadi mwisho, endesha polepole mduara kila upande. Swichi ya DCCD iwe kwenye otomatiki. Gari likijikaza na kurukaruka, angalia tairi kwanza kabla hujalaumu difu. STI inataka tairi nne za saizi moja, chapa moja, uchakavu unaolingana. Tofauti ya kina cha kashata (meno ya tairi) ikizidi milimita 1 na nusu, difu ya kati inafanya kazi bila kupumzika hata kwenye barabara iliyonyooka. Saizi ya rimu za inchi 18 ni 245/40R18. Soma ile tarehe ya tarakimu nne kwenye ubavu: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Tairi za miaka sita, hata zikiwa na kashata, hazifai kwa gari la mwendo huu.

Kuhusu bodi: boneti ya STI ni alumini, kwa hiyo sumaku haishiki hata kama haijawahi kuguswa. Pima madigadi, milango na sehemu ya juu ya matao ya nyuma. Angalia vichwa vya bolti za madigadi kama rangi imekwaruzwa na spana, na tarehe kwenye lebo za mikanda ya viti kama inafanana na mwaka wa gari. Mkanda wa 2016 kwenye gari la 2012 maana yake mkanda wa kwanza ulibadilishwa, pengine baada ya kufyatuka kwenye ajali.

---

hati_safi

Kabla ya fundi, karatasi. Zinagharimu kidogo na zinaweza kukuokolea safari yote.

Ingia eCitizen, huduma za NTSA, uombe rekodi ya gari kwa namba yake. Ada ni shilingi 550. Linganisha jina la mwenye gari, namba ya chesisi, namba ya injini, rangi na uwezo wa injini. Namba ya injini mpe fundi aitafute kwenye bloku yenyewe, juu, pale inapoungana na giaboksi. STI nyingi zimebadilishwa injini, na si kosa kubadilisha, lakini injini isiyo kwenye rekodi inakuwa shida yako siku ya kuhamisha umiliki au siku polisi wakitaka kuikagua. Kama ilibadilishwa, karatasi za kununulia hiyo injini zije pamoja na gari, na mabadiliko yaandikishwe kabla hujalipa.

Tafuta pia kwenye sajili ya dhamana za mali zinazohamishika, iliyo chini ya Business Registration Service. Sheria yake ni ya 2017. Mikopo ya logbuku ni mingi sana, na gari linaweza kuwa na mkopo ambao muuzaji hakutaji. Jina la benki au sacco likionekana kama mmiliki mwenza, hakuna kinachofanyika bila barua ya kuliachilia.

Aliyetangaza awe ndiye aliye kwenye rekodi. Akisema "lipo kwa jina la mtu wa kwanza, lakini anakubali kusaini", huyo wa kwanza ndiye wa kukaa naye mezani. Uhamisho sasa hufanywa na mmiliki kwa akaunti yake ya eCitizen, wewe unaukubali kwa yako. Hakuna karatasi iliyosainiwa wazi inayoweza kuchukua nafasi ya hilo.

Kuhusu mita: omba cheti cha ukaguzi cha kabla ya gari kusafirishwa kutoka Japani na karatasi ya mnada. Vyote huandika kilomita. Gari la 2012 lililoingia 2019 likiwa na kilomita 96,000 linaweza kuwa na 128,000 leo. Lililoingia na 140,000 haliwezi. Kwenye karatasi ya mnada daraja la R au RA ni gari lililogongwa na kutengenezwa. Hilo peke yake si sababu ya kulikataa. Ni sababu ya kutafuta ni sehemu gani, na bei iakisi.

---

mizani_ya_bei

Niongelee bei peke yake.

Usiulize "bei ya mwisho ni ngapi" kwa simu. Hujaona gari, huna hoja, na yeye atakupa namba iliyo juu ambayo baadaye ataona aibu kuishusha. Kwa simu uliza mambo ya gari tu: mkanda wa taimingi ulibadilishwa kilomita ngapi na risiti iko wapi, klachi ni ya lini, vipuri vya asili viko wapi, funguo ni ngapi. Majibu yake yaandike. Yatakuwa na kazi mezani.

Elewa pia soko lako. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na GRB zilikoma kutengenezwa kabla ya muda huo. Maana yake zilizopo nchini ndizo hizo, na nzima zinapungua. Kwa hiyo gari zima lililotunzwa linaweza kushika bei, na muuzaji anajua. Lakini pia lililochezewa haliwezi kuitishia bei ya zima. Ekzosi, mluzi na kichujio cha wazi haviongezi hata shilingi. Anayetaka STI ya kudumu atavitoa, na kuvitoa kuna gharama.

Fanya hivi. Kabla ya kusafiri, pigia maduka mawili ya spea za Subaru, moja Nakuru na moja Nairobi kule Kirinyaga Road, upate bei za siku hiyo za vitu hivi: seti ya mkanda wa taimingi pamoja na tenshona, roli na pampu ya maji, seti ya klachi ya gia sita, tairi nne, oili na kichujio. Subaru wanataka mkanda ubadilishwe kilomita 100,000. Gari lina 128,000 na hakuna risiti. Mkanda ukikatika kwenye injini hii, pistoni zinagonga vali na vali zinapinda. Kwa hiyo hilo si jambo la "nitafanya baadaye", ni deni ambalo gari limekuja nalo.

Ukishapata bei na kazi ya fundi, yagawe mafungu mawili. Fungu la kwanza ni vilivyopitwa na muda au vilivyoharibika: mkanda, klachi inayoteleza, kihisi chenye kosa, shoki inayovuja. Hivyo dai vitolewe vyote kwenye bei. Fungu la pili ni uchakavu wa kawaida: tairi zenye nusu ya kashata, padi za breki, bushi. Hivyo dai nusu, kwa sababu gari la kilomita 128,000 lazima liwe limechakaa na yeye ameshalipanga hilo kwenye bei yake. Ukidai kila kitu kizima kizima, anakuona huna nia na anafunga mlango.

Mfano wa hesabu, na namba hizi ni za kuonyesha mpangilio tu, weka zako: mkanda na pampu pamoja na kazi 65,000, klachi pamoja na kazi 100,000, nusu ya tairi nne 45,000, kurudisha sanduku la kichujio na valvu ya asili 30,000. Jumla 240,000. Kwa 2,350,000 unabaki na 2,110,000. Anzia 1,980,000 huku karatasi ya hesabu iko mezani, umsomee kitu kimoja kimoja, kisha unyamaze. Mwache yeye ndiye aanze kujibu. Mtu akijibu hoja moja moja, mko kwenye biashara. Akijibu "gari langu halina shida" bila kugusa karatasi, mpe namba yako ya mwisho na uondoke kwa heshima. Wengi hupiga simu wiki hiyohiyo.

Kitu kimoja usikifanye: usitumie hofu ya pistoni kushusha bei. "Hizi hulipuka, nipunguzie laki tatu" ni hoja ya kijinga kwa pande zote mbili. Injini imepimwa au haijapimwa. Ikiwa mbovu, laki tatu haitoshi. Ikiwa nzima, haistahili kupunguzwa kwa sababu ya sifa ya wenzake.

---

section58_nkr

Nawashukuru sana, ndugu zangu. Nimempigia. Kibati kinasoma GRB, karatasi ya mnada anayo na kilomita zinaendana. Mkanda hajui, "labda mwenye gari wa kwanza alibadilisha". Klachi haijaguswa tangu alinunue. Sanduku la kichujio na valvu ya asili anavyo stoo, ekzosi ya asili aliuza. Ufunguo ni mmoja. Anataka nimtumie 50,000 kwa M-Pesa "ya kulishikilia" kwa sababu kuna mteja wa Eldoret. Na fundi niliyempata Kisumu hana kifaa cha uvujaji, ana kompresheni tu. Itatosha?

---

boksa_ej

Kompresheni inatosha kama tofauti ni ndogo, lakini ongeza mambo mawili. La kwanza, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari. Chukua kifaa cha OBD na programu ya simu ya Subaru inayosoma data za injini zenyewe, si ile ya kusoma makosa tu. Tafuta thamani inayoitwa IAM, au DAM kwenye nyingine. Ikiwa 1.0, kompyuta haijaona sababu ya kurudisha nyuma cheche. Ikiwa chini ya hapo baada ya safari ya Riat, imesikia kulipuka mapema, na unatakiwa kujua kwa nini kabla ya kuongea pesa. Angalia pia kama vipimo vya kujichunguza vimekamilika. Vikiwa havijakamilika na gari limetembea wiki nzima, betri ilichomolewa au makosa yalifutwa karibuni.

La pili, lipia oili mpya wewe mwenyewe kama sehemu ya ukaguzi. Lita 4 na nusu hivi na kichujio. Ni pesa ndogo, na hakuna muuzaji mwenye nia njema atakayekataa. Oili ikishuka, iangalie juani kwenye chombo safi. Kisha fundi akate kichujio kwa msumeno wa kopo, si grainda, maana grainda huleta chembe zake. Nyoosha karatasi ya ndani, ikamue, ipapase kwa vidole. Vumbi jeusi laini ni sawa. Vipande vinavyometa vya rangi ya shaba au fedha ni bering. Hilo utaliona kwa macho hata kabla injini haijaanza kugonga.

---

hati_safi

Usitume hiyo 50,000 hivyo. Mteja wa Eldoret awepo au asiwepo, pesa ya M-Pesa bila karatasi haina masharti. Ukitaka kulishikilia, andikeni mkataba mfupi kwa wakili hukohuko Kisumu siku utakayofika: kiasi, namba ya chesisi, tarehe ya mwisho, na sharti kwamba kinarudishwa chote ukaguzi ukionyesha kasoro za injini, giaboksi au karatasi. Muuzaji akikataa neno "kinarudishwa", umeshajua.

Siku ya kulipa, bei nzima ya gari haiendi kwa M-Pesa wala PesaLink, kwani PesaLink haifiki milioni. Itapita kwa RTGS benki hadi benki. Nendeni mapema asubuhi, siku ya kazi. Muuzaji aanzishe uhamisho kwenye eCitizen mkiwa mmekaa pamoja, wewe uone ombi kwenye akaunti yako, ndipo benki itume. Kwenye mkataba andikeni nani analipa ada ya uhamisho, na kwamba faini au kesi za barabarani za kabla ya tarehe na saa hiyo ni zake.

---

mizani_ya_bei

Ufunguo mmoja ni hoja halali. Hii ni gari ya ufunguo wa kielektroniki. Kupata wa pili na kuusajili kwenye kompyuta si pesa ya mchezo. Pata bei, iingie fungu la kwanza. Sanduku la kichujio na valvu ya asili: viandikwe kwenye mkataba kuwa ni sehemu ya mauzo, uvione siku hiyo, na yale 30,000 uyaondoe kwenye madai yako, ibaki kazi tu. Ukimtolea kitu kimoja kwa hiari yako, inakuwa rahisi kusimama imara kwenye mkanda, ambapo hana jibu.

---

riat_mlimani

Mkikubaliana, usilirudishe Nakuru kwa mkanda huo. Njia ya Awasi, Kericho na Mau Summit inapanda kutoka mita 1,200 hadi zaidi ya 2,400, na injini itakuwa na kazi muda mrefu. Vipuri vya taimingi vije na wewe kutoka Nakuru, fundi afunge Kisumu siku ya malipo, kisha fundi huyohuyo afunge sanduku la kichujio na valvu ya asili. Akifungua kava za mbele, mwambie aangalie sili za kemshafti na kranki kama zinavuja, kwa sababu kuzibadilisha wakati huo ni nyongeza ndogo. Jaza petroli ya oktani ya juu zaidi utakayoipata mjini, na usipitishe mizunguko 4,000 hadi ufike.